Mwenye Kufunga Mlango Si Mwizi



Ndugu zangu wa Ayivu, Arua na Koboko, kuna neno limeingia majumbani mwetu: "Anayefunga kompyuta yake ana lake analolificha." Neno hili si la haki, na tulipinge.

Surat An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za watu bila kuomba ruhusa. Haikuweka sharti kwamba mwenye nyumba awe na siri mbaya. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo inalinda faragha, kwa sadfa katika ibara ya 27.

Hebu tuangalie kompyuta zetu zina nini. Ya msikiti ina majina ya mayatima na wajane wanaopokea zaka. Ya mwalimu ina habari za wanafunzi. Ya kijana anayefanya kazi Rhino Camp au Lobule ina majina na namba za simu za wakimbizi waliokimbia vita Sudan Kusini na Kongo. Hizo si siri zako wewe, ni amana za watu! Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde.

Utasikia: "Nina neno la siri la Windows, linatosha." Halitoshi. Diski ambayo haikusimbwa ikitolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine, husomwa yote bila neno hilo kuulizwa. Mwaka 2008 huko Hong Kong, picha za faragha za mwigizaji maarufu zilienea duniani baada ya kompyuta yake kupelekwa kwa fundi. Mwaka 2009 fundi alihukumiwa kifungo, lakini picha hazikurudi.

Dawa ni kusimba diski, yaani kugeuza kila kilichomo kuwa fumbo lisilofunguka bila neno lako la siri. VeraCrypt ni programu ya bure. BitLocker imo katika Windows Pro, FileVault katika Mac, na LUKS katika Linux. TrueCrypt tuliyoizoea iliachwa na watengenezaji wake mwaka 2014, basi msiitumie tena.

Kwanza weka nakala ya kazi zako mahali pengine. Chagua neno la siri refu, kwani ukilisahau hakuna fundi atakayekufungulia. Na uzime kompyuta ukimaliza, maana ikiwa imewaka na imefunguliwa, diski haina kinga.

Mzazi atauliza: "Je, mtoto akifichia maovu humo?" Kompyuta ya nyumbani, neno la siri alishike mzazi. Lakini mtoto halelewi kwa kupekuliwa. Hulelewa kwa kukaa naye na kuzungumza naye. Na akikuona unalinda siri za watu, naye atajifunza kuzilinda.

Viongozi wa misikiti na madrasa, anzeni nyinyi. Orodha ya mayatima isilale wazi hata usiku mmoja zaidi.

Wabillahi tawfiq.