Kinyonga ni Wetu, Faida ni ya Nani?

Makamanda, kwenye siasa zetu neno "kinyonga" ni tusi. Diwani akilala upinzani akaamka chama tawala eti "anaunga mkono juhudi", tunamwita kinyonga na mjadala unaishia hapo. Leo naomba nimwongelee kinyonga mwenyewe, yule wa kwenye mti, maana habari yake inaonyesha vizuri jinsi mali ya umma inavyosimamiwa nchi hii.

Hapa Mpanda tunamwona kila mvua zikianza. Anavuka barabara taratibu, watoto wanampiga mawe, wazee wanasema ana nuksi. Huko Ulaya na Marekani watu wanamfuga kwenye vizimba. Wanamwekea taa za kumpa joto na mwanga unaofanana na wa jua. Wanamnyunyizia majani maji, kwa sababu mara nyingi hanywi kwenye bakuli, anaramba matone. Wanamlisha nyenje na nzige walio hai. Wanamzalisha, wanauza watoto wake, na biashara hiyo kwao ni halali. Mimi nasoma sheria, kwa hiyo swali langu ni moja: mbegu waliipata wapi?

Chukua mfano wa mjusi mdogo wa rangi ya buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro. Kwa asili anapatikana eneo hilo na jirani zake tu, na anaishi kwenye miti ya mkadi. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi wasiopungua 32,310. Wengine walikamatwa kwa kukata mti wenyewe, yaani mjusi kaondoka na nyumba yake imebomolewa. Mwaka 2017 mjusi huyu akaingizwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, ambacho kinazuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Lakini farasi ameshatoka bandani. Jike anataga mayai mawili kwa mpigo, yanaanguliwa baada ya miezi miwili mitatu, na leo wafugaji wa Ulaya wana koo lao wenyewe. Kimboza imebaki na visiki.

Au twende Usambara. Januari 2021, forodha ya uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, ilitangaza kukamata vinyonga 74 kutoka milima hiyo, waliofichwa kwenye soksi na makopo ya aiskrimu. Walikuwa wamepitia Ethiopia. Watatu hawakupona. Mwaka 2006 wanasayansi walipounda kundi jipya la vinyonga wa milima yetu walilipa jina Kinyongia, kutokana na neno letu la Kiswahili. Jina tumewapa, wanyama wamechukua, na sisi tumebaki watazamaji.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais anawashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria hiyohiyo inatafsiri "nyara" kuwa ni pamoja na mnyama akiwa hai au amekufa. Makosa ya nyara yameingizwa kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi, na mahakama zetu zimeshawafunga wanakijiji miaka 20 kwa nyamapori. Sitetei ujangili. Nasema mwanakijiji anabanwa mpaka mfupa wa mwisho, wakati anayepakia mzigo uwanja wa ndege anahitaji makaratasi tu. Mwaka 2010 twiga walipanda ndege KIA kwenda Qatar. Kama twiga anapita, kinyonga wa kwenye soksi atashindwaje?

Majibu ya serikali yamekuwa kufunga na kufungua. Mwaka 2016 ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 TAWA ikatangaza dirisha la miezi sita ili wafanyabiashara waondoe wanyama waliobaki kwenye mazizi. Hazikupita siku nyingi, Waziri akalisitisha tangazo hilo. Hapo nani anayebadilika rangi?

Na marufuku ile haikumgusa mlanguzi peke yake. Vijiji vya Amani, Usambara Mashariki, vilikuwa na mradi wa kufuga vipepeo na kuwauza kwenye maonyesho ya nje wakiwa bado kwenye vifuko vyao, kabla hawajatoboa. Kipepeo akizaliwa kijijini, msitu unabaki na mtoto analipiwa mahitaji ya shule. Nao wakafungiwa kwa tangazo lilelile. Hii ndiyo hasara ya kutunga sera kwa hasira: mwizi na mfugaji wanapata adhabu moja.

Sisemi kila kijana wa Katavi akafuge vinyonga. Kinyonga wetu wa kawaida si wa bei kubwa, mayai yake yanakaa ardhini miezi mingi, na mnyama mwenyewe akifugwa vibaya anakufa kimyakimya. Ila mkoa huu unajua kuishi na msitu bila kuumaliza. Waulizeni warina asali wa Inyonga. Sasa watu wa namna hiyo waachiwe nafasi, na wawekewe masharti yanayoeleweka.

Nataka chama chetu kiseme hivi kwenye sera yake. Kwanza, daftari la vibali vyote vya kukamata, kufuga na kusafirisha wanyamapori hai liwe wazi kwa umma, lenye jina la mwenye kibali, aina ya mnyama na idadi. Pili, wanyama wa eneo dogo kama wa Kimboza wasikamatwe kabisa porini. Tatu, ufugaji mdogo wa vijijini upewe leseni nafuu na ukaguzi wa kweli, ili mtu asikamate porini halafu aandike "amezaliwa zizini". Nne, Tanzania idai kwenye vikao vya CITES kwamba wanaozalisha wanyama wetu wa kipekee waonyeshe asili ya mbegu yao.

Mdhamini kazi yake ni kutoa hesabu kwa wenye mali. Mbunge wako akija mkutanoni, muulize daftari la vibali liko wapi. Akianza kubadilika rangi, mnajua pa kuweka kura.