Ndugu wa Tumbo Moja, Sura Mbali: Usidanganywe na Sanduku la Manowari

Wahenga walinena kwamba vidole vya mkono mmoja havilingani. Leo nataka tuipeleke methali hii mahali ambapo pengine hukuitarajia: juu ya meza ya kulia chakula, kwenye vipande vya plastiki ya kijivu, gundi na msasa, pale ambapo mwanao, au wewe mwenyewe mwanafunzi, mnaunga manowari.

Kwa wasioufahamu ufundi huu, nieleze kwa ufupi. Hununui meli iliyokamilika. Unanunua sanduku lenye picha nzuri juu yake, na ndani mna fremu za plastiki zilizobeba vipande vidogo vidogo, karatasi ya maelekezo na stika za kulowesha kwenye maji. Kazi yako ni kukata, kusugua, kugundisha na kupaka rangi. Kila sanduku huandikwa kipimo chake. Ukiona 1/700, maana yake ni kwamba meli ya kweli ni ndefu mara 700 kuliko hiyo utakayoiweka kabatini.

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Manowari nazo huzaliwa kwa matumbo. Serikali ikishapitisha ramani moja, huagiza meli mbili, tatu, hata tano kwa ramani hiyo hiyo. Hizo ndizo manowari ndugu. Kampuni za kutengeneza mifano huwapenda ndugu hawa mno, kwa sababu kalibu moja ya chuma inaweza kutoa vipande vya kuuzwa kwa majina kadhaa. Mnunuzi naye hudhani kwamba ndugu ni ndugu, na kwamba tofauti ni jina tu. Hapo ndipo pesa ya mzazi inapopotea, na hapo ndipo historia inapopindwa.

KILINDINI, 1942

Huenda ukauliza, mtoto wa Westlands, Kangemi au Dagoretti ana haja gani na manowari za Wazungu? Swali zuri. Jibu liko Mombasa.

Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, ndege za Japani zilishambulia Colombo, na siku nne baadaye zikashambulia Trincomalee. Kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, hakikuwa salama tena kwa meli za Uingereza. Ndipo kundi kubwa la manowari likahamishiwa bandari ya Kilindini. Hata wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani walihamia Mombasa mwaka huo huo, wakafanyia kazi yao katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Meli iliyobeba bendera ya mkuu wa kundi hilo, Admirali James Somerville, iliitwa Warspite.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeunga Warspite haungi hadithi ya mbali. Anaunga meli ambayo babu zetu wa pwani waliiona kwa macho yao. Lakini akitaka kuandika kwenye kibao chake "Kilindini, 1942", sharti iwe Warspite kweli, si ndugu yake.

NDUGU WATANO

Warspite alizaliwa na ndugu wanne: Queen Elizabeth, Valiant, Barham na Malaya. Wote walikamilishwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mmoja alibeba mizinga mikubwa minane ya inchi 15, miwili miwili katika vibanda vinne vya chuma vinavyozunguka. Kombora moja la mzinga huo lilikuwa na uzito wa karibu kilo 880. Tukumbushane pia kwamba Queen Elizabeth huyu ametajwa kwa malkia wa kale wa karne ya 16, si yule aliyekuwa Treetops, Nyeri, Februari 1952, baba yake alipofariki.

Ukiwatazama kwa mbali, ndugu hawa ni sawa. Ukiwatazama kwa karibu, maisha yamewachora kila mmoja kivyake. Warspite alifanyiwa matengenezo makubwa kati ya 1934 na 1937. Valiant na Queen Elizabeth walifuata baadaye, na Queen Elizabeth hakutoka kwa mafundi hadi mapema 1941. Kila kundi la mafundi liliamua mambo yake.

Basi ukitaka kuwatambua, usitazame mizinga mikubwa, kwa maana hiyo wote wanayo. Tazama ubavuni. Warspite alibakizwa na mizinga ya inchi 6, minne kila upande, ikichungulia kutoka vyumba vilivyochimbwa ubavuni mwa meli. Valiant na Queen Elizabeth waliondolewa mizinga hiyo, ubavu ukazibwa ukawa laini, na juu ya sitaha wakawekewa vibanda vitano kila upande, kila kimoja na mizinga miwili ya inchi 4.5. Barham na Malaya hawakupata matengenezo makubwa kama hayo, kwa hiyo daraja lao la nahodha lilibaki na sura ya kizamani.

Ukikumbuka hilo moja tu, hudanganyiki. Ubavu wenye mizinga inayochungulia na daraja refu la kisasa kama jengo la ghorofa: huyo ni Warspite. Ubavu laini na vibanda vitano vidogo juu: huyo si Warspite, hata kama sanduku limeandikwa kwa wino wa dhahabu.

SANDUKU KWA SANDUKU

Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa Warspite wa kipimo cha 1/600. Matchbox nao walitoa wao wa 1/700, na kampuni hiyo ilijulikana kwa kutia vipande vya rangi mbalimbali katika sanduku moja, jambo linalomfaa mtoto asiye na rangi za kutosha. Miaka ya baadaye Trumpeter ya Uchina ikatoa Warspite na Queen Elizabeth, kila mmoja na sanduku lake, kwa 1/700 na kwa 1/350.

Sasa piga hesabu nami. Meli hizi zilikuwa na urefu wa karibu mita 196. Kwa 1/700 utapata sentimita 28, yaani mfano unaozidi kidogo rula ya geometri ya sentimita 15 ukiizidisha mara mbili kasoro vidole viwili vyembamba. Kwa 1/600 utapata karibu sentimita 33. Kwa 1/350 utapata sentimita 56, na hapo utahitaji kabati, si rafu. Je, umeona mtego? Ukimnunua Warspite wa 1/600 na Queen Elizabeth wa 1/700, ukawaweka bega kwa bega, mmoja atamzidi mwenzake kwa sentimita tano, hali walikuwa wamelingana. Ndugu unaotaka kuwalinganisha sharti wawe wa kipimo kimoja.

Tena fungua macho kwenye fremu zenyewe. Katika masanduku ya ndugu, vibanda vya mizinga mikubwa, nanga na mashua mara nyingi huwa vile vile. Linalopaswa kubadilika ni ubavu, daraja na sitaha. Kama hayo hayakubadilika, umeuziwa jina.

Jambo la tatu ni mwaka. Meli ni kama mtu: picha yake ya utoto si ya uzeeni. Mwaka wa 1915 Queen Elizabeth alikuwa na dohani mbili. Kuanzia miaka ya 1920 ndugu hawa waliunganishiwa dohani zao zikawa moja. Kwa hiyo usiulize tu "ni meli gani?" Uliza pia "ni ya mwaka gani?"

Kanuni hii haiishii kwa Waingereza. Sanduku linalopendwa na wengi ni la Bismarck wa Ujerumani, aliyepewa jina la waziri mkuu yule aliyeitisha mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambao matokeo yake Afrika tunayajua. Ndugu yake ni Tirpitz. Bismarck alizama Mei 1941, miezi tisa tu baada ya kukabidhiwa kwa wanamaji. Tirpitz aliishi hadi Novemba 1944, na katika maisha hayo marefu aliongezewa mirija minane ya topido, minne kila upande. Bismarck hakuwa nayo kamwe. Ukikuta Bismarck mwenye mirija ya topido, mwambie fundi kwa upole kwamba amemvika marehemu koti la nduguye.

VIFAA VYA NAIROBI

Masanduku haya si ya kila duka. Mengi huja mkononi mwa jamaa anayetoka ng'ambo, na mengine huibuka kwenye vitu vya watoto vya mitumba. Ukikuta lililokwisha kufunguliwa, usilipe kabla ya kuhesabu fremu kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Daraja la nahodha likikosekana, umenunua mtumbwi.

Vifaa vingine havina shida. Maduka ya vipuri vya magari ya Barabara ya Kirinyaga yana rangi ya kijivu ya kunyunyizia na msasa laini ule unaotumiwa na mafundi wa kunyoosha bodi. Jaribu rangi kwanza kwenye kipande cha fremu, kwa sababu rangi kali ya gari inaweza kuila plastiki. Waya kuukuu wa umeme ukiuchuna utapata nyuzi nyembamba za shaba zinazofaa kamba za mlingoti. Osha vipande kwa maji vuguvugu na sabuni kabla ya kupaka rangi, ili rangi ishike.

Na hili wazazi nawasihi: gundi na rangi hizi zina mvuke mbaya, tena hushika moto upesi. Fungueni dirisha, mkae mbali na jiko, na wembe usiachwe mezani penye mtoto mdogo.

Wewe usiye na uwezo wa kununua sanduku, usikate tamaa. Kawangware na Kangemi kuna watoto wanaounda magari kwa waya na mikebe, na usukani ukageuka kweli. Mikono hiyo hiyo yaweza kuunda Warspite kwa kadibodi na vijiti vya meno. Chora sentimita 28 kutoka omo hadi tezi, upana sentimita nne na nusu, kisha ufuate picha. Makumbusho ya vita ya Uingereza, Imperial War Museums, yanazo picha za Warspite akiwa Bahari ya Hindi mwaka 1942. Mfano wa kadibodi wenye ubavu sahihi unaushinda wa plastiki wenye ubavu wa uongo.

Na ukitaka kuzoesha jicho, mwombe mzazi akupeleke Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya Nairobi. Simama mbele ya magarimoshi mawili, uandike daftarini tofauti kumi. Jicho lililozoea garimoshi halitashindwa na manowari.

VITA VYA NINI MEZANI?

Najua yuko mzazi anayenung'unika: kwa nini mtoto achezee vyombo vya mauaji? Simlaumu. Ndiyo maana nasisitiza ukweli wa kila meli. Barham alipigwa topido katika Bahari ya Mediterania tarehe 25 Novemba 1941, akalipuka, wakafa watu zaidi ya 800. Mtoto anayejua hilo hamgundishi Barham kwa kicheko. Bali anayedhani ndugu wote ni mamoja, hajui nani alikufa wapi, na kwake vita ni picha ya sanduku tu.

Tena liko jambo ambalo hakuna sanduku linalolitia ndani: watu wa bandari. Kwa kipimo cha 1/700 mtu mzima ana urefu wa milimita mbili na nusu, chini ya punje ya mchele. Hebu tengeneza basi gati la kadibodi kando ya Warspite wako, uwasimamishe hapo wapagazi wa Mombasa na magunia yao. Wafanyakazi wa mji huo walikuwa wamegoma 1939 wakidai ujira wa haki, na wakagoma tena Januari 1947. Miezi mitatu baada ya mgomo huo wa pili, Aprili 1947, Warspite mwenyewe alikatika kamba akivutwa kwenda kuvunjwa kuwa chuma chakavu, akakwama kwenye miamba ya Cornwall, na huko huko akavunjwa.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla ya kutoa shilingi yako uliza maswali matatu: ni ndugu yupi, ni wa mwaka gani, na ubavu wake unasemaje? Ukipata majibu, gundisha bila hofu, kisha uandike kibao chako kwa herufi kubwa. Mgeni akija nyumbani akauliza meli hiyo ilifika wapi, mwambie Mombasa, nawe uwe na uhakika.