Mtoto Asiyeonyesha Ugonjwa

Mtu mzima akipata macho ya manjano, na mkojo wake ukiwa mweusi kama chai, jamaa wote hushtuka. Humleta hospitali hata usiku, na ni vizuri. Lakini nakuambia, huyu siye ninayemhofia zaidi. Namhofia mtoto mchanga wa mama mwenye ugonjwa uo huo, anayenyonya na kulala vizuri, ambaye watu husema, "Huyu ni mzima kabisa."

Ugonjwa ninaousema ni homa ya ini ya aina ya B. Huja kwa damu: wakati wa kuzaliwa, kwa wembe mmoja wa kuchanjia watu wengi, kwa sindano chafu, tena kwa mume na mke kulala pamoja. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake hupigana. Pengine ataugua sana, lakini katika watu wazima 100 hawafiki 5 ambao ugonjwa hukaa ndani yao siku zote. Mwili wa mtoto mchanga haujajua kumtambua adui, basi haupigani. Hana homa, hana manjano. Lakini katika watoto 100 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 90 hubaki nao. Ni kama magugu yaliyopandwa usiku watu wakilala. Kwa baadhi yao, baada ya miaka 30 au 40, ini hukauka, tumbo hujaa maji, au kansa huota humo. Ndipo ukoo hutafuta mchawi, na mjane hushtakiwa bure!

Kwa sababu hii siikubali desturi ya kumfungia mtoto nyumbani mpaka kitovu kianguke. Kinga iko: ni sindano ya chanjo, na ya kwanza yafaa kuchomwa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kisha nyingine zifuate. Sindano ya majuma 6 ni njema, lakini kwa mtoto wa mama mwenye ugonjwa huenda ikachelewa. Baba, usingoje siku ya kumpa jina. Nawe mama mwenye mimba, omba kupimwa damu mapema, uulize pia chanjo ya siku ya kwanza inapatikana wapi. Ukionekana unao, pengine daktari atakupa vidonge. Usimnyime mtoto ziwa, maana ugonjwa huu hauji kwa kunyonya, wala kwa kula sahani moja.