Akiba ya Safari



Mwezi wa Aprili, kaskazi inapokoma na kusi kuanza kuvuma, wazee wa pwani hukumbuka majahazi ya Uarabuni. Yalikuja na kaskazi, yakarudi kwao na kusi. Siku hizi hayaji tena kama zamani, lakini wako wasafiri wengine ambao hawajaiacha desturi hiyo. Ukitaka kuwaaga, nenda Mida, ile hori iliyo karibu na Watamu na Gede, kusini ya Malindi.

Pita katikati ya mikoko juu ya daraja la mbao lililoning'inizwa. Litayumba kidogo, usiogope. Mwisho wake kuna kibanda. Keti humo, unyamaze. Yafaa uende maji yanapoanza kujaa. Maji yakiwa yamekupwa, ndege hutawanyika mbali matopeni. Yakijaa, huwasukuma mpaka karibu nawe.

Utamwona ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Miezi yote ya kaskazi alikuwa wa kijivu. Sasa kifua chake kimekuwa chekundu kama tofali, kwa maana hiyo ndiyo nguo yake ya arusi. Uzito wake ni gramu 60 hivi tu, lakini aelekea Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi, safari ya zaidi ya kilomita 8,000.

Je, nguvu azipata wapi? Hapa hapa matopeni. Kwa majuma kadhaa hula usiku na mchana, kila maji yakupwapo: minyoo, konokono na vijidudu vingine, mpaka mafuta yamjae chini ya ngozi. Mafuta hayo ndiyo nauli yake. Basi akifukuzwa mara kwa mara na mtoto mwenye jiwe, au mbwa, au mgeni atakaye kupiga picha kwa karibu, hupata hasara mbili: hukosa chakula, tena hutumia akiba yake kwa kuruka bure. Sisi hatuyaoni madhara yake, kwa kuwa hafi mbele ya macho yetu. Huishiwa nguvu mbali, njiani, au hufika amechelewa kutaga.

Mtazame na mwenziwe, yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Huyo ni mla kaa. Yeye huenda kuzaa pwani za Uarabuni, huchimba shimo mchangani na kutaga humo, kwa kawaida yai moja tu. Arudipo kwetu huja na mtoto wake, na huku pwani yetu huendelea kumlisha. Yule mwekundu wa Siberia hafanyi hivyo. Wazazi hutangulia kuondoka, na watoto hufuata peke yao, kwa njia ambayo hawajapata kuiona. Mungu amempa kila mmoja desturi yake ya malezi.

Na sisi je? Mtoto wetu hawezi kwenda peke yake bila akiba. Yapendeza basi kujua kwamba daraja lile la Mida lina kazi nyingine. Mwaka 2001 Wakristo wa A Rocha Kenya walianzisha mpango uitwao ASSETS, ili fedha walipazo wageni zisaidie karo ya sekondari kwa watoto wakaao kandokando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wazazi nao huahidi kupanda miti na kuutunza msitu. Hivyo ndege akiachwa ale ashibe, mtoto wa jirani naye apata nauli ya safari yake.

Nabii Yeremia, katika sura ya 8, aliwaonya watu wake kwa mfano wa ndege wayajuao majira yao. Aprili ni majira yao ya kula. Ninyi mkaao pwani, Jumapili moja baada ya ibada wachukueni watoto mpaka ufukoni. Wafundisheni kutazama wakiwa wameketi, mikono mitupu bila jiwe. Kisha mwezi wa Agosti na Septemba rudini tena, mwaone ni nani waliofika salama.