Kipakatalishi Ni Chako, Siri Zake Ni za Nani?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, vipakatalishi vingi vya mitumba vinavyouzwa hapa Mombasa viko njia panda. Ni vizima, ila Windows 11 haivikubali. Ushauri unaotolewa ni mmoja: weka Linux. Ni ushauri mzuri, lakini kuna swali ambalo wanunuzi husahau kuuliza. Je, kila kilichomo ndani ya mashine hiyo kitafanya kazi?

Chukua mfano wa kihisi mwendo. Mwaka 2003 IBM ilianza kuweka ndani ya ThinkPad kidude kinachotambua mashine inapoinama au kuanguka. Diski za enzi hizo zilikuwa na sahani inayozunguka kwa kasi, na kichwa cha kusomea kikielea juu yake bila kuigusa. Kompyuta ikiteleza mezani, programu ilisoma kihisi hicho na kukiondoa kichwa kabla mashine haijagonga sakafu. Vinginevyo picha za harusi na hesabu za duka zingekwenda na maji.

Programu hiyo IBM iliiandikia Windows. Mtumiaji wa Linux alikuwa amelipia kihisi kilekile, lakini kwake kilikuwa pambo tu, kwa kuwa namna ya kuzungumza nacho haikuwa imewekwa wazi.

Mwaka 2005 Mark Smith, mtafiti wa IBM hiyohiyo, alichapisha aliyoyagundua kuhusu kihisi hicho. Robert Love na Jesper Juhl wakayatumia kuandika draiva, yaani programu ndogo inayokuwa mkalimani kati ya kifaa na mfumo wa kompyuta. Ndani ya msimbo wao walikiri kwamba, mbali na waraka wa Smith, walijaribu na kukosea mara nyingi. Si ajabu. Kuna modeli ambazo vipimo vyake vilikuwa kinyume, ukiinamisha huku kihisi kinasema kule, ikabidi draiva ibebe orodha ya modeli hizo. Oktoba mwaka huo iliingia katika Linux 2.6.14.

Kazi haikuishia hapo. Kujua kwamba mashine inaanguka ni jambo moja, kuiamuru diski ijiokoe ni jingine. Uwezo huo wa pili uliingia rasmi katika Linux 2.6.28, Desemba 2008. Miaka mitatu! Kabla ya hapo, aliyetaka kinga alilazimika kuunganisha viraka mwenyewe. (Wengine walikitumia kihisi kuchezea michezo kwa kuinamisha kompyuta huku na huku, na pengine ndio waliofaidi mapema zaidi.)

Liliandikwa pia toleo jingine la draiva hiyo lenye uwezo zaidi, na mtu aliyejificha nyuma ya jina la kupanga. Halikuingizwa katika Linux rasmi. Kanuni zilimtaka mchangiaji atie jina lake halisi na athibitishe kwamba ana haki ya kutoa alichoandika. Siri ya kampuni ilikuwa bado inawatesa watu waliokwisha kununua mashine.

Leo diski nyingi ni za SSD, hazina sahani ya kuzunguka, na kinga ile haihitajiki. Tatizo lenyewe lipo. Kihisi mwendo sasa hugeuza kioo unapozungusha kifaa, na kuna visoma alama za vidole ambavyo hadi sasa havina draiva huria. Serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016, mjadala ulitawaliwa na bei na idadi. Zabuni zijazo zidai pia maelezo ya vifaa vya ndani, ili mtengenezaji akiviacha, fundi wa Likoni au Malindi awe na pa kuanzia.

Nawe unayenunua wiki hii, kabla ya kutoa pesa mwombe muuzaji awashe Linux kutoka kwenye flashi. Jaribu Wi-Fi, sauti na kamera. Kama ni ile inayogeuka kuwa kishikwambi, izungushe uone kama kioo kinafuata. Kisicholia dukani, ujue nyumbani utahangaika nacho peke yako.