Maji Yaliyo Kandoni mwa Mishipa ya Ubongo



Dada yetu mmoja msomaji, akaaye Eldoret, ametuletea swali ambalo tumeona si lake peke yake. Mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka 67, alikuwa akilalamika kuumwa na kichwa na kusahau mambo ya juzi na jana. Daktari akaagiza apigwe picha ya ubongo kwa mashine ya MRI. Ripoti ilipotoka, jamaa wakasoma humo kwamba nafasi zenye maji zilizo kandoni mwa mishipa ya damu ya ubongo zimepanuka. Tangu siku hiyo nyumba haina utulivu. Wapo wasemao kuwa mama ana maji kichwani na hana budi kupasuliwa. Mchango umeanza kukusanywa, na kiwanja cha urithi kinatafutiwa mnunuzi. Mwishoni mwa barua, kwa maneno machache, dada yetu ataja kwamba mama aliacha vidonge vya presha miezi minane iliyopita kwa kuwa hajisikii vibaya.

Twaona kwamba neno zito la barua hii ni hilo la mwisho. Lakini tuanze na lile lililowatia hofu.

Mshipa wa damu unapoingia ndani ya ubongo hauingii mtupu. Huingia ukiwa na ala yake, mfano wa mkono ulio ndani ya mkono wa kanzu: baina ya ngozi na kitambaa pana uwazi mdogo. Katika uwazi huo mna maji safi. Kila mwanadamu anazo nafasi hizi. Wataalamu wa Ulaya walizieleza tangu karne ya 19: Rudolf Virchow wa Ujerumani mwaka 1851, na Charles Robin wa Ufaransa mwaka 1859, na mpaka leo madaktari huziita kwa majina yao.

Kwa hiyo nafasi hizi si yale "maji kichwani" tuyajuayo kwa watoto wenye vichwa vilivyokua kupita kiasi. Maradhi yale hutokea maji yanapozidi katika vyumba vikubwa vilivyo katikati ya ubongo, nayo mara nyingi huhitaji upasuaji. Nafasi za kandoni mwa mishipa kwa kawaida hazifiki upana wa milimita 3. Chukua punje ya mchele uutazame unene wake. Ndiyo makadirio yake. Hakuna upasuaji wa kuzitoa nafasi za kawaida za namna hii, wala hauhitajiki.

Mashine ya MRI huzionaje? Haitumii miale ya eksirei. Ina sumaku yenye nguvu kubwa; ile ya kipimo cha tesla 1.5, ambayo ni ya kawaida mahospitalini, huishinda sumaku ya dunia takribani mara 30,000. Sumaku hiyo huzipanga chembe za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili, kisha mawimbi ya redio huzitikisa, nazo hujibu kwa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Katika aina moja ya picha, maji hung'aa meupe: nafasi iliyokatwa kwa upana huonekana kama nukta, na iliyokatwa kwa urefu huonekana kama uzi. Katika aina nyingine, maji hayo hugeuka meusi, na hapo daktari huweza kuzitofautisha na makovu ya viharusi vidogo, ambayo mara nyingi huzungukwa na ukingo mweupe. Ndiyo sababu mgonjwa hulazwa ndani ya mashine nusu saa au zaidi, kwani picha moja haitoshi.

Watafiti huzihesabu nukta hizo. Huko Edinburgh, Uskoti, Profesa Joanna Wardlaw na wenzake walitunga daraja za kuanzia 0 hadi 4: sufuri ni pale ambapo hazionekani, na 4 ni pale zinapozidi 40 katika upande mmoja wa ubongo. Kilichodhihirika ni kwamba huongezeka kwa umri, na kwamba zinapokuwa nyingi katika sehemu za ndani kabisa za ubongo, mara nyingi mwenyewe ana presha ya siku nyingi. Hufuatana pia na dalili nyingine za kuchakaa kwa mishipa midogo, uchakavu uletao kiharusi na kufifia kwa kumbukumbu. Kwa hiyo si maradhi yenyewe, bali huenda zikawa alama ya mishipa iliyobebeshwa mzigo mzito kwa muda mrefu.

Uko utafiti mwingine uliovuta macho ya wengi. Mwaka 2012, Maiken Nedergaard na wenzake wa Rochester, Marekani, walieleza kwamba katika ubongo wa panya maji hupita kandoni mwa mishipa na kuondoa taka, na mwaka uliofuata wakasema kazi hiyo huzidi wakati wa usingizi. Huko Oslo, Norwei, watafiti walitumia MRI kwa binadamu, na mwaka 2021 wakaripoti kwamba usiku mmoja wa kukesha hupunguza usafishaji huo. Mwaka 2024 wataalamu wa London walipata kwa panya matokeo yaliyo kinyume, na mjadala ungali unaendelea. Hata hivyo, hakuna mtaalamu ashaurie kukosa usingizi.

Sasa turudi kwa dada yetu. Kwanza, simamisheni uuzaji wa kiwanja. Rudini kwa daktari aliyeagiza kipimo mkamwulize mambo matatu: nafasi hizi ziko sehemu gani ya ubongo, je, pana alama nyingine za kuchakaa kwa mishipa au kiharusi cha zamani, na usahaulifu wa mama una sababu gani nyingine, kama vile upungufu wa vitamini, tezi ya shingo au huzuni. Eldoret mna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, msiwe na haja ya kwenda kutafuta mganga wa "kutoa maji".

Pili, mama akapimwe presha wiki hii, aandikiwe dawa upya kwa kipimo cha sasa, asizirudie zile za zamani kwa kukisia. Presha haina desturi ya kubisha hodi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa. Kupimwa kwa mkanda wa mkononi ni dakika chache. Kipimo kikifika 140 juu au 90 chini mara kwa mara, hiyo ni presha.

Tatu, tazameni jiko. Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo katika papa, ng'onda na achari tunazowapelekea jamaa zetu wa bara.

Na kwa kina mama watakaoitwa kwenye MRI: pini za mtandio na zile za sumaku zivuliwe nyumbani, pamoja na bangili, vipuli na wanja. Nendeni na mtandio wa pamba usio na nyuzi za chuma. Ni haki yenu kuomba mhudumu wa kike. Mwenye mimba, au mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini, aseme kabla ya kuingia chumbani.

Na mama, au mtu yeyote, akipinda mdomo, akilegea mkono au akivurugika maneno ghafla, hilo si la kungoja asubuhi. Mkimbizeni hospitali saa ile ile.

Mwenyezi Mungu ampe shifaa mama yetu na wagonjwa wote. Wabillahi tawfiq.