Koni Haiipi Subaru Nguvu

Imani iliyoota mizizi miongoni mwa wapenda magari wa barabara ya Mombasa ni kwamba kiwanda huiziba Subaru pua kwa boksi la plastiki na kichujio cha karatasi. Ling'oe boksi hilo, wanasema, ufunge kichujio cha koni ya pamba iliyo wazi chini ya boneti, na gari litapata nguvu. Ushahidi wao mkubwa ni mlio. Gari likikanyagwa mafuta likitoka Kibwezi kuelekea Mtito Andei, husikika likivuta hewa kwa kishindo, na kishindo hicho huhesabiwa kuwa ndiyo nguvu yenyewe. Nakataa. Hiyo ni kelele ambayo boksi la kiwanda lilikuwa likiimeza, na kwa gari linaloishi Makueni au Kitui gharama yake huangukia injini.

Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika humeza lita zipatazo 6,000 za hewa katika dakika hiyo, na tabo (turbo) ikianza kusukuma, huzidi hapo. Ni hewa nyingi, lakini kichujio safi cha karatasi hupunguza shinikizo lake kwa takriban asilimia moja au mbili tu, tena pale injini inapokamuliwa hadi mwisho. Hicho ndicho kiasi chote kinachoweza kukombolewa, hata ukiendesha bila kichujio kabisa. Sasa pima joto. Boksi la kiwanda huvuta hewa ya mbele ya gari, kabla haijapita kwenye redieta. Koni iliyo wazi huvuta ile iliyokwisha kuokwa na redieta na tabo. Hewa ya nyuzi 35, ambayo Kibwezi si jambo la ajabu mwezi wa Februari, ikipashwa hadi nyuzi 55 hupungukiwa na asilimia sita hivi ya uzito wake, pamoja na oksijeni iliyomo. Umeokoa moja au mbili, umepoteza sita. Na lile tundu la juu ya boneti ya Impreza WRX, ambalo wengi hudhani hulisha kichujio, kazi yake ni kupoza hewa iliyokwisha kushindiliwa na tabo.

Lakini mbona dereva aliyefunga koni Nairobi akishuka Kibwezi huapa kwamba gari limebadilika? Kama gari lake halina tabo, huenda hasemi uongo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Kibwezi karibu nusu ya hapo. Mteremko huo peke yake huongeza shinikizo la hewa kwa asilimia kumi hivi, na hata ukitoa hasara ya joto la Ukambani, injini hubaki na faida ya asilimia tano au sita. Sifa ni za mteremko, ila anayezichukua ni muuza koni.

Hata hivyo, kukosa nguvu ni dogo. Kubwa ni vumbi. Vichujio hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 5011, na vumbi linalotumika kwa kawaida hutengenezwa kwa mchanga wa jangwa la Arizona, Marekani, ambao mtu wa Ikutha au Mutomo asingeuona mgeni. Tuseme karatasi imezuia asilimia 99.5 na pamba yenye mafuta 97.5. Muuzaji atakwambia tofauti ni mbili tu. Geuza hesabu uangalie kinachopita: kwa kila gramu 100 za vumbi, karatasi imepitisha nusu gramu, pamba gramu mbili na nusu. Ni mara tano. Chembe hizo zina mchanga mgumu unaosaga ringi za pistoni na kuta za silinda, na kabla ya kufika huko hugonga mapanga ya tabo, ambayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Injini haifi siku hiyo. Huanza kula oili polepole, moshi wa samawati unatokea, na lawama anabebeshwa fundi aliyemwaga oili mara ya mwisho. Lami ya kutoka Kibwezi hadi Kitui haibadilishi hesabu hii, kwa kuwa nyumbani, shambani na sokoni bado hufikiwa kwa murramu.

Watetezi wa koni huleta Safari Rally: mbona Colin McRae alishinda mwaka 1997 kwa Impreza iliyofanyiwa kila aina ya mabadiliko? Magari ya Safari hufungwa bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa, juu ya vumbi na maji. Timu zenye fedha na mafundi tele hukimbia vumbi. Sisi tunaambiwa tulifungulie mlango. Wengine hutaja kuokoa mafuta. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge, Marekani, ilipima magari ya kisasa ya petroli na kukuta kwamba hata kichujio kilichoziba hakiongezi ulaji wa mafuta, kwa kuwa kompyuta ya injini hurekebisha kipimo. Kilichopungua ni wepesi wa kuchanganya mwendo. Ikiwa kilichoziba hakili mafuta zaidi, koni itaokoa yapi?

Hoja nzito ni moja: gari lililofungwa tabo kubwa na kupangiwa upya kompyuta linaweza kuhitaji njia pana ya hewa. Kweli. Hilo lijengewe boksi lililozibwa, lenye bomba la kuleta hewa baridi kutoka mbele, na lipimwe nguvu kwenye mashine kabla na baada. Subaru nyingi zinazopita Kibwezi hazijafika huko. Wala karatasi haisalimiki kwa mazoea yetu: kuipuliza kwa kompresa kila wiki hutoboa nyuzi zake, na spea bandia ziko tele madukani. Dawa ni kununua karatasi halisi na kuibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Anayetaka kutumia zaidi ya hapo aanze na mpira unaounganisha boksi na tabo. Ukiwa na ufa, vumbi huingia bila kupita kichujio cha aina yoyote.